Ngata ya Somoe

Tarehe nne Mfunguo Mosi, siku ya Jumatano, tulimpoteza Somoe. Alfajiri alikuwa anapumua, jua lilipopanda alikuwa hapumui, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimesimama chumbani kwake Kinjumbi, kopo la maji mkononi, namwagia mwili wa rafiki yangu. Hakufa kwa mgongo. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniita mwongo: alikufa kwa presha, kama wanavyokufa wengi wa umri wetu. Tulikuwa wanawake watatu. Kitanda cha kamba kilikuwa kimewekwa juu ya ufuo, lile shimo refu linalochimbwa sakafuni kupokea maji ya maiti. Tulipomlaza chali hakulala sawa. Bega la kulia lilinyanyuka, kiuno kikakimbilia kushoto, na katikati ya mgongo na kamba za kitanda pakabaki uwazi ambao mkono wangu ulipita. Bibi aliyekuwa anaongoza kuosha alimtazama, kisha akaniambia bila kupandisha sauti, "Esha, kunja kanga umwekee hapo chini, asiumie." Asiumie. Nilikunja kanga nikamwekea. Nilitaka kumwambia bibi yule kwamba neno lake limechelewa miaka thelathini.

Najua sheria. Mwosha hasemi alichokiona. Aibu ya maiti inazikwa na maiti, na nimeosha watu wengi Mtanda ninakoishi, sijawahi kufungua mdomo. Lakini nimekaa na jambo hili mpaka arobaini yake ikapita, nimeligeuza huku na huku, na naona mgongo ule haukuwa aibu ya Somoe. Ni aibu ya watu wengine, nami nikiwemo. Hao bado wako hai, na aibu ya walio hai sijaamriwa kuizika.

Mwaka ule tulikuwa kidato cha pili na nilikuwa naishi kwao. Kwa nini niliishi kwao na si kwetu Rutamba ni habari nyingine, haina faida hapa. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja, mtungi mmoja, na dirisha dogo lililozibwa kwa gunia la korosho, hivyo asubuhi mwanga uliingia kwa vitundu na kutuchora usoni. Mama yake Somoe, ambaye nami nilimwita mama, alituamsha kwa kugonga mlango na mwiko. Tulikula wima: kiporo cha bada, ule ugali wa muhogo, kilichochovywa kwenye mchuzi wa jana. Miezi ya njaa tulikula ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini ambavyo unavivuta kwa meno na kutema nyuzi. Somoe alikula polepole, na mama alimwambia kila siku maneno yaleyale, kwamba ale, shingo haibebi kwa hewa. Maana Somoe alisifika kwa kubeba. Alikuwa mwembamba kama mchi, lakini ukimtwisha ndoo ya maji alitoka nayo kisimani mikono ikining'inia, anapiga soga, anageuka kumjibu mtu aliye nyuma, na tone halimwagiki. Sisi wengine tulisokota ngata za majani, tukifika tunazitupa. Yeye ngata yake aliisokota kwa kipande cha kanga kuukuu ya mama, akaishona kwa uzi isifumuke, akawa anatembea nayo kila mahali, saa nyingine ameivaa mkononi kama bangili.

Shule ilikuwa kando ya barabara kuu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Stoo yake ilikuwa na mchwa, na mlango wake uliwahi kuvunjwa. Wiki hiyo tulinunua bagia njiani zikiwa zimefungwa kwenye kurasa za Baiolojia. Walimu wakaamua vitabu vya darasa visilale shuleni tena. Kila darasa limchague mwanafunzi mwaminifu, aende navyo kwao jioni na arudi navyo asubuhi. Darasani kwetu mwaminifu alikuwa Somoe. Siku alipotajwa alipigiwa makofi, nami nilipiga. Mama alipoambiwa alichinja kuku. Nakumbuka mchuzi ule ulivyokuwa mtamu, tui zito, na mama akisema sasa nyumba yake imekuwa maktaba. Hakuna aliyesema kwamba mtoto amebebeshwa kazi ya mlango na kufuli. Tulikula kuku. Hilo ndilo kosa letu la kwanza, na tulilifanya tukicheka.

Miezi mitatu alivibeba kichwani, ndani ya kiroba cha sukari kilichooshwa, ngata chini, na sikumsikia akilalamika. Halafu akahamia Mwalimu wa Nidhamu. Jina lake silitaji, ana wajukuu wanaosoma. Alikuwa kijana, msafi, suruali imepigwa pasi hadi inakata, na alitaka shule ifanane na shule za mjini kabla wageni wa kutoka mkoani hawajafika. Kwenye mstari wa asubuhi akatangaza kwamba mwisho wa viroba na makapu ni Ijumaa, na kwamba hakuna mwanafunzi aliyevaa sare atakayeonekana na mzigo kichwani. Begi, mgongoni, mikanda miwili. Alisema wageni wakimwona msichana anaingia getini na kiroba kichwani watadhani amekuja kuuza muhogo. Shule nzima ilicheka. Mama yake Somoe alikuwa anauza muhogo.

Mama alinunua begi la mtumba mnadani, la kijani, la mtu mzima tena mrefu, mikanda yake imeshonwa upya kwa uzi wa nyavu. Lilimfika Somoe chini ya makalio. Likijaa vitabu lilimvuta nyuma, naye akajikunja mbele ili asianguke, msichana aliyekuwa anatembea anatazama upeo wa macho sasa anatembea anatazama vidole vyake. Wavulana wakamwita Kobe. "Kobe, umefika? Sungura ameshamaliza mtihani." Somoe hakuwa mtu wa kununa. Aliwajibu, "Kobe nyumba yake anayo. Wewe umepanga." Wakamcheka yule aliyeanza. Lakini tukiwa wawili hakuwa na utani. Wiki chache baadaye alitafuta njia yake: tukitoka nyumbani namtwisha begi juu ya ngata, tunakwenda hivyo mpaka karavati la mwisho kabla ya shule, pale namtua, anaificha ngata ndani na kulivaa begi mgongoni. Jioni vivyo hivyo. Isipokuwa siku ambazo walimu walipita kwa baiskeli, na siku ambazo viranja walitembea nasi, na siku hizo zilikuwa nyingi kuliko zisizokuwa.

Mwezi wa pili wa begi aliacha kulala kitandani. Alitandika mkeka chini akasema kamba zinamla. Jioni baada ya kula, mama akiwa uani anaosha vyombo, alilala kifudifudi akaniambia, "Nikanyage." Nilivua kandambili nikasimama juu ya mgongo wake, taratibu, nimeshika ukuta, naye akisema hapo, hapo, shuka kidogo. Kwa unyayo wangu nilihisi uti haukwenda moja kwa moja. Ulikuwa unapinda kama njia inayokwepa kisiki. Nilihisi hivyo jioni ya kwanza na ya pili na ya kumi, na sikumwambia mtu, kwa sababu sikujua kwamba mgongo ni kitu cha kuambiwa mtu. Mgongo ulikuwa wa wazee.

Kisha sketi ikaanza kwenda upande. Mama akampeleka kwa fundi cherehani barazani, yule akampima, akamfokea asimame sawa, akakata pindo la kushoto. Baada ya mwezi sketi ikaenda upande tena. Fundi akakata tena, safari hii kwa hasira, akisema kitambaa ni kibovu, kinavutika. Mama akasema cherehani yake ndiyo mbovu. Mnunuzi mmoja wa mashuka akaingilia, na watu wazima watatu wakakaa pale wanabishana juu ya pindo, mtoto amesimama katikati yao kama mlingoti ulioegama, na hakuna aliyemwinulia blauzi akatazama. Nami nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika begi lake.

Aliyezinduka alikuwa mama, na alizindushwa na mzani. Tulipita ghala la korosho tukitoka shule, yeye akiwa pale kununua magunia, akamwona binti yake anavyoliburuta begi, akamwambia mpimaji alipime. Kilo kumi na tisa. Mpimaji akaona mchezo, akasema basi tumpime na mwenye mzigo, akamning'iniza Somoe kwenye ndoano kwa kamba ya gunia. Kilo thelathini na nane. "Mama, korosho yako hii haijakauka vizuri," akasema, na wapagazi wakacheka. Mama hakucheka. Alimwomba aandike namba zote mbili kwenye karatasi, na kesho yake akajifunga buibui lake zuri akaenda nayo shule.

Nimesimuliwa na mama yaliyosemwa ofisini kabla sijaitwa, na mama hakuwa mtu wa kuongeza. Mwalimu wa Nidhamu aliisoma karatasi, akaiweka chini ya kikombe cha chai. Akasema msichana wa umri huu akilia kiuno, jambo liko tumboni si mgongoni. Wakampa Somoe kikopo akajisaidie chooni, mama yake ameketi pale, mlango wazi. Kikopo hakikuonyesha kitu. Hakuna aliyesema samahani. Ndipo wakaniita.

"Esha," aliniambia, "nasikia wewe husemi uongo."

Nilijivuna. Nataka niliandike hilo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na mwalimu amenisifu mbele ya watu.

"Unaishi naye. Begi analivaa mgongoni tangu nyumbani?"

"Hapana, mwalimu. Njiani anabeba kichwani. Analivaa tukifika kwenye karavati."

Somoe alikuwa ananitazama. Mwalimu akageuka kwa mama akanyoosha mikono, kama mtu aliyepewa zawadi. Akasema basi ugonjwa umejulikana, mgongo umeharibiwa na kubeba kichwani, ndiyo maana amekataza, na huyu mtoto ameumwa kwa ukaidi wake mwenyewe. Akamwamuru atoe ngata. Somoe akaitoa begini, akamkabidhi, naye akaitupa kwenye droo ya chini akaifunga kwa goti. Tulitembea na mama mpaka tukaiona mikorosho ya kwanza ya kijiji. Hapo akaniambia, "Mwanangu, ukweli nao hutwishwa mtu. Angalia unamtwisha nani." Jioni ile alinipakulia kipande kikubwa cha samaki kuliko cha Somoe. Kingekuwa kidogo ningekula.

Adhabu ilikuwa wiki mbili. Wenzetu wakiwa kwenye mstari, Somoe alisimama mbele, begi mgongoni likiwa limejaa, tangu wimbo wa taifa mpaka tangazo la mwisho. Mwalimu alisema ni mazoezi ya kuuzoesha mgongo. Siku ya nane magoti yaliachia. Hakuanguka kifudifudi, begi lilimvuta, akaenda chali juu ya vitabu, mikono na miguu hewani, na hakuweza kugeuka. Shule nzima ilicheka kwa sababu Kobe amepinduka. Wapo watakaosema watoto hucheka tu, hawana maana. Mimi nilicheka. Kidogo, na niliziba mdomo, lakini nilicheka, na yeye pale chini uso wake ulikuwa umeelekea upande wangu.

Kesho yake aliniambia nitangulie. Tulikuwa mstarini, mwalimu anaongea juu ya usafi wa vyoo, nikaona watu wanageuka. Somoe alikuwa anaingia getini na begi la kijani kichwani, juu ya ngata ya majani mabichi ya mgomba. Mikono ilikuwa chini. Hakuharakisha. Upande mmoja wa mabega ulikuwa juu kuliko mwingine, lakini shingo ilikuwa wima, na begi lilikwenda juu ya vichwa vyetu kama limeambiwa njia. Mwalimu alimwambia ashushe. Akamwambia mara ya pili, kwa sauti.

"Nitashusha mezani kwako, mwalimu," Somoe alisema, na akapita.

Alivitoa vitabu vyote, akavipanga, akavihesabu mbele ya mwalimu mmoja mmoja. Hakikupungua hata kimoja, hakikuchanika hata kimoja. Begi tupu akalikunja kwapani akarudi kwao. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa umebaki miezi miwili. Hakurudi tena, na hakuna mwalimu aliyetembea saa moja na nusu kwenda kumuuliza.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu wa Nidhamu alitafuta mwaminifu mwingine, akanyoosha kidole kwangu. Nilisema, "Ndiyo, mwalimu." Nilivibeba mgongoni, nikivirudisha jioni kwenye chumba kilekile, nikivipanga kando ya mkeka alipolala. Alinisogezea mahali. Siku ya tisa wageni wa mkoani wakaleta habari kwamba wanakuja, na mwalimu mkuu akamwita seremala, akamwonyesha madawati mabovu yaliyokuwa yamelundikwa nyuma ya darasa tangu tunaanza shule. Seremala akayavunja akaunda sanduku refu lenye bawaba na tumbuu ya kufuli, likawekwa ofisini juu ya matofali manne, mchwa wasipande. Lilichukua alasiri moja. Hata saa kumi haikufika. Nilisimama dirishani nikatazama anavyopiga misumari, na sijawahi kuchukia kitu kama nilivyolichukia sanduku lile.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja wa Lindi alimwambia Somoe kwamba mgongo wa namna ile huweza kujipinda wenyewe katika umri ule, kwamba begi huenda halikuupinda, limeutesa tu, na kwamba angeonekana mapema angesaidiwa. Naliandika hili kwa sababu ni haki. Wapo watakaolichukua kama msamaha. Mimi silichukui. Kama mgongo ulikuwa unajipinda wenyewe, basi ulijipinda mbele ya fundi, mbele ya ofisi, mbele ya mstari wa wanafunzi, chini ya mguu wangu, na wote tulichofanya ni kukata sketi.

Siku ya hitima Mwalimu wa Nidhamu alikuja. Ni mzee sasa, anatembea na mkongojo, watu wanampisha. Baada ya dua aliomba awape pole kina mama, akasimama mlangoni mwa uani tulikokuwa tunapakua pilau, akingoja shikamoo. Wenzangu wakampa. Mimi sikumpa, na tangu nizaliwe nilikuwa sijamnyima mtu mzima shikamoo. Akasema marehemu alikuwa mwanafunzi wake, mtiifu sana.

"Hapana, mwalimu," nilisema. "Hakuwa mtiifu. Ulimtaka abebe mgongoni, akabeba kichwani, mbele yako."

Miiko ilisimama. Alinitazama muda, akitafuta kweli, nami nikaona hatafuti pa kujificha, anatafuta kumbukumbu. Akasema pole pole kwamba watoto wamepita wengi, hilo halikumbuki. Nilimwamini. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo ninapoandika. Ningeweza kumsamehe mtu anayedanganya.

Nilibaki Kinjumbi na Sharifa, binti wa Somoe, mpaka arobaini. Ana miaka kumi na minne, anasoma shule ileile. Jumatatu baada ya arobaini nilimwona anajiandaa: kaunta buku za masomo yote, vitabu, chupa ya maji, chakula, akilikaza begi kwa mkono mmoja na kulisukuma kwa goti ili zipu ifunge. Nikamuuliza kwa nini haachi vingine shuleni. Akasema madarasa hayafungwi, na mwalimu akiuliza daftari huna, unachapwa. Nikamuuliza kama mgongo unamuuma.

"Kawaida, mama mdogo," akasema.

Nilimwambia ageuke. Nilimwinulia blauzi nikautazama mgongo wake, nikaupitisha kidole kutoka shingoni hadi kiunoni. Ulikuwa umenyooka. Nikaichukua ile kanga niliyomkunjia mama yake siku ya kuoshwa, nilikuwa nimeifua na kuianika, nikaisokota ngata. Sharifa aliniambia kwa heshima kwamba siku hizi hawabebi kichwani, atachekwa. Nikamwambia hatabeba yeye, anitwishe tu.

Tulikwenda hivyo saa moja na nusu, yeye mbele mikono mitupu, akigeuka kila mara kuona kama nimechoka. Nilikuwa nimechoka. Shingo yangu haikuwahi kuwa ya Somoe. Tulipita getini, tukapita mbele ya wanafunzi waliokuwa wanafagia, wengine wakacheka, tukaingia ofisini. Mwalimu mkuu ni mwanamke kijana. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akanikaribisha kiti, akaniambia nitue mzigo. Nilimuuliza vitabu vya watoto vinalala wapi. Akasema stoo ni mbovu. Nikamuuliza lile sanduku refu liko wapi. Akasema tangu afike hajaona sanduku. Nilibaki nimesimama. Alingoja nikae, akaona sikai, akainuka, akazunguka meza, akalishika begi kwa mikono miwili ili anitue. Lilipotoka kichwani kwangu lilimvuta mikono yote miwili mpaka chini, na kiuno chake kikaenda nalo.